Kidole Gumba cha Bibi Mwanakhamisi

Jumapili, 2 Juni 1957

Mwezi wa pili sasa tangu nije Itunguwe, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kuanza daftari hili. Baridi! Kwetu Kihesa, Iringa, tunajisifu kwamba tunaijua baridi, lakini hii ya milima ya Mbeya ina meno. Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kwa jalidi, na nepi nilizosahau kwenye kamba zilikuwa zimeganda ngumu kama mbao.

Watoto kumi na saba. Karibu wote mama zao walifariki wakijifungua. Misheni inawalea kwa maziwa ya kopo mpaka waweze kula ugali, kisha ndugu zao wanakuja kuwachukua. Ndivyo Sista Magiti alivyoeleza kanisani kwetu siku ile alipokuja kuomba wasichana wa kujitolea. Mwaka mmoja tu, kwa ajili ya Bwana. Mshahara hakuna. Wenzangu waliangalia chini. Mimi nikainua mkono. Nilikuwa nafundisha darasa la pili – nikaacha. Baba alilia kwa furaha. Mwinjilisti Filemoni Kalinga, kulia mbele za watu!

Sijajuta. Sista alitoka kwao ng'ambo mwaka ule vita vilipokwisha, na hajarudi hata mara moja. Anaamka kabla yetu sote. Akimbeba mtoto mwenye homa hamweki chini mpaka homa ishuke. Mikono yake imepasukapasuka kama ya mkulima. Nikizeeka nataka niwe kama yeye.

Hawa amelala mgongoni kwangu ninapoandika. Jina lake kamili Mwanahawa, miaka minne, ndiye mkubwa kuliko wote hapa. Kifua chake kinalia kama filimbi. Mchana hataki mtu mwingine amlishe ila mimi. Najua si vizuri kupenda mmoja zaidi ya wengine. Basi, nimeandika, nimekiri.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimegombana kidogo na mama Anyitike, mjane wa Kinyakyusa anayefua nguo hapa. Ulimi wake! Anasema Hawa alitakiwa aende kwao zamani. Mama yake alifia hapa hapa zahanati alipomzaa, na baba yake, Selemani, alimwacha kwa makubaliano kwamba akianza kula ugali, bibi yake wa Madibira atakuja kumchukua. Mwaka juzi bibi alikuja, akaambiwa kifua. Mwaka jana alikuja, akaambiwa kifua.

Nikasema lakini ni kweli anaumwa kifua.

"Mwalimu," akasema – ananiita hivyo akitaka kunichoma – "nitajie mtoto mmoja wa huku asiyeumwa kifua mwezi wa sita."

 Ana uchungu wake huyu mama, ndivyo ninavyofikiri.

Baada ya chai ya jioni Sista alinifundisha Kiingereza, kama kila Jumatano. Ameahidi kuniandikia barua ya chuo cha wauguzi mwaka wangu ukiisha. Muuguzi! Halafu akavua sweta yake mwenyewe ya sufu akanivika. Mikono imenipita vidole. Akasema, "Tekla, bila wewe nisingeweza mwaka huu." Nilitoka pale nikitembea kama nimekunywa kitu.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.

Wamebatizwa watoto watatu. Hawa mmojawapo. Jina lake jipya ni Ruti, na mimi ndiye msimamizi wake. Nilimshika mbele ya madhabahu, maji yakamwingia sikioni akapiga kelele mpaka Mchungaji akacheka.

Kabla ya ibada nilimwuliza Sista – maana kwao Hawa ni Waislamu, watu wa Usangu – je, bibi yake ameridhia? Sista akasema, "Bibi anajua." Basi nikatulia.

Tukirudi mtoto akaniuliza: "Sasa mimi nani?"

Nikamwambia, wewe ni wewe tu. Hakuridhika. Mimi pia, sijui kwa nini, jibu langu halikunikaa vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Amekuja! Bibi Mwanakhamisi wa Madibira. Siku tatu njiani – kwa miguu mpaka Igawa, kisha lori la mchele, kisha miguu tena kutoka Mbeya mjini mpaka huku juu. Mrefu, mwembamba, kanga mbili tu kwenye baridi hii. Kichwani kikapu: mchele, kambale wa kukaushwa, na kuku mwekundu, hai, anatuangalia kwa hasira.

Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Lakini Kisangu na Kihehe chetu ni ndugu. Nilipomwambia "Kamwene, bibi," alitua kikapu. Halafu akanishika mashavu kwa mikono miwili. Anasema hii ni mara ya tatu kuja hapa, na ni mara ya kwanza kukuta mtu wa kuongea naye.

Hawa hakumjua. Akajificha nyuma yangu. Bibi hakumlazimisha. Alikaa chini kwenye majani, akamfungua kuku kamba ya miguu, kuku akatoroka, watoto wote nyuma yake, Hawa naye – na aliporudi anahema alikwenda kukaa magotini kwa bibi kana kwamba hapo ndipo anapokaa siku zote. Nilicheka. Nilitaka kulia.

Bibi amekuja kumchukua. Alisema wazi. Mtoto ana meno yote, anakula ugali, anakimbiza kuku. Makubaliano yametimia.

Mara mtoto mmoja akamkatiza: "Siyo Hawa! Ni Ruti!" Bibi akaniuliza, huyo anasemaje? Nikajibu – watoto tu hao, wanacheza.

Kwa nini nilijibu hivyo? Nilikwenda moja kwa moja kwa Sista. Alikuwa ananawa mikono, hakugeuka. Alisema hawajamwambia bado, watamwambia taratibu, mzee asishtushwe.

Kumbe hajui! Lakini Sista alisema anajua. Aliniambia mimi, kwa kinywa chake.

Labda sikumsikia vizuri.

Jumatatu, 17 Juni

Barazani kwa Sista. Viti vitatu. Bibi alikataa kiti akakaa kwenye mkeka, miguu amenyoosha. Mzee Ezekia, karani wa misheni, pembeni na karatasi na kibweta cha wino. Mimi katikati.

Sista alisema polepole, maneno mafupi, na mimi nikayageuza moja moja. Kifua cha mtoto ni kibaya. Huku dawa yake hakuna. Ng'ambo kuna hospitali ya watoto. Sista anakwenda likizo kwao mwezi ujao, atakwenda naye. Mwaka mmoja. Atapona, atarudi.

Kwanza mimi mwenyewe nilishtuka. Sikuwa nimeambiwa. Lakini nikafasiri.

 Bibi akauliza, baba yake je? Selemani yuko migodini, Afrika Kusini, mkataba wake unaisha mwakani. Mwezi wa kwanza alimtuma mwenzake alete hapa misheni bulangeti jekundu la mtoto. Nilimfasiria Sista yote, mpaka bulangeti na rangi yake. Sista akaitikia kwa kichwa, akasema baba atafurahi kumkuta mwanawe mzima.

"Na atarudi?" Bibi aliniuliza mimi, hakumwangalia Sista.

"Atarudi, bibi."

"Mwaka mmoja."

"Mmoja."

"Atarudi?"

Mara ya tatu hiyo. Nikamwambia, mimi mwenyewe nitamleta Madibira kwa mkono wangu. Hayo Sista hakuyasema. Niliyaongeza mimi.

Bibi akainuka kwenye mkeka. Akasema, "Huyu mzungu simjui. Natia kidole kwa sababu ya mdomo wako. Wewe ni mtoto wa nyumbani."

Mzee Ezekia akamshika gumba akalibandika kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Sista akanipa kalamu: na wewe andika hapa, kwamba umefasiri. Karatasi ya Kiingereza, mistari imesongamana. Jikoni uji ulikuwa unaungua, mama Anyitike ananiita kwa sauti ya juu. Nikaandika jina langu. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ule wa ubaoni.

Jumanne, 18 Juni

Bibi ameondoka asubuhi. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Hawa alisimama getini mpaka akasahau anangoja nini.

Habari ya ubatizo hakuna aliyemwambia. Mimi pia sikumwambia.

Alhamisi, 27 Juni

Limefika gazeti la misheni kutoka ng'ambo, lile wanaloandikiwa wafadhili wa kwao. Ndani yake – picha yangu! Nimembeba Hawa mgongoni, nacheka, miguu mitupu kwa sababu nilikuwa nafua. Nikakimbia nalo kwa Mzee Ezekia. Miaka thelathini amefanya kazi na wamisionari, lugha yao anaisoma. Nikamwomba anisomee maneno yaliyo chini ya picha.

Akavaa miwani. Akasoma kimya. Akavua miwani.

"Ni maneno tu, binti."

"Nisomee, mzee."

Akasoma. Yatima Ruti, asiye na baba wala mama wala ndugu, aliyekutwa ametupwa. Na msichana anayemlea, ambaye naye alitolewa katika giza la ushenzi na Sista wetu mpendwa.

Giza! Babu yangu alibatizwa kabla ya vita vya kwanza vya Wajerumani! Baba ni mwinjilisti! Mimi nilizaliwa nyimbo za kanisa zinaimbwa chumba cha pili!

Na Hawa – tayari ni Ruti kule, kabla hata ya ubatizo, na ametupwa? Na yule mwanamke aliyetembea siku tatu na kuku kichwani?

Mzee Ezekia akasema wanaandika hivyo ili watu wa kule waguswe, tusiyatie moyoni. Alilikunja gazeti vizuri akalirudisha kwenye bahasha yake.

Nimejaribu kutoyatia moyoni. Siku nzima nimejaribu. Nimekwenda kuvaa viatu.

Jumanne, 2 Julai



Leo nilikwenda mjini na lori la misheni. Kuna ofisi inayoshughulikia karatasi za kusafiri za Hawa, na wanataka yule aliyefasiri aende mwenyewe athibitishe. Karani wa pale ni kijana wa kwetu Kilolo, Liberatus, mstaarabu, suruali imenyooka. Tulisalimiana Kihehe, akafurahi. Akafungua jalada.

"Dada, hii saini ni yako?"

"Yangu."

"Na yote yaliyoandikwa juu yake uliyafasiri kama yalivyo?"

Nikasema naomba kuyaona. Akaigeuza karatasi. Kiingereza changu ni cha kupapasa, kidole chini ya kila neno. Nilipapasa.

Imeandikwa kwamba baba wa mtoto amefariki. Amefariki! Imeandikwa kwamba bibi, ndugu pekee aliyebaki, kwa hiari yake anamtoa mtoto awe wa mume na mke fulani wa huko ng'ambo, na jina la ukoo alilozaliwa nalo mwanamke ni la Sista Magiti. Dada yake, yule ambaye Sista aliwahi kunisimulia kwamba hana watoto. Kwamba mtoto atakuwa wao. Kwamba bibi na ukoo wake hawatamdai tena. Na neno la mwisho kabla ya alama ya kidole – hilo nilifundishwa na Sista mwenyewe, Jumatano moja, tukisoma Zaburi. Milele.

Chini ya "milele", gumba la bibi. Chini ya gumba, mimi. Tekla Kalinga, amefasiri kwa uaminifu.

Liberatus ananingoja. Nyuma yangu watu wamepanga foleni.  Nilifikiria baba. Nilifikiria chuo cha wauguzi – ndiyo, naandika ukweli, nilikifikiria. Nikafikiria: nikisema sivyo, mwongo ni nani hapa? Saini ni ya nani?

Nikasema, "Ndiyo."

Akagonga muhuri. Akanitakia safari njema.



Jumatano, 3 Julai

Nimemwuliza. Nilimkuta ghalani anapanga makopo ya maziwa. Nikasema yote kwa pumzi moja, kabla woga haujanirudia.

Hakukana. Nilitaka akane! Nilikuwa tayari kumwamini hata sasa.

Alikaa juu ya sanduku. Akasema madaktari wamemwandikia kwamba moyo wake umechoka, hatarudi tena huku. Mtoto huyu amemlea tangu dakika ya kwanza, mama yake bado ana joto kitandani. Akimwacha, atakwenda Madibira kwenye mbu na moshi, na kifua kile, atakufa kabla ya miaka miwili. "Unataka afe, Tekla?"

Nikasema, bibi aliniuliza mara tatu.

"Angejua, asingekubali. Maneno mazito asingeyaelewa."

"Mimi ningeyaelewa."

Akaniangalia. Macho yake mekundu. Akasema taratibu, kama anayenipa sifa: "Ndiyo maana sikukuambia. Ungefasiri kwa uso mwingine. Wanakuamini. Ndiyo sababu nilikuja kutafuta wasichana Iringa – niliomba anayejua lugha yao."

Basi hivyo. Siku ile kanisani kwetu. Nilipoinua mkono nikidhani Mungu ananiita.

Nikitoka alisema barua yangu ya chuo ameshaiandika, iko mezani, ni barua nzuri. Sijui kama alitaka kunifariji au kunifunga mdomo. Labda yeye pia hajui.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwandikia baba. Kurasa sita. Ndugu dereva wa basi la Iringa ameichukua, ataipeleka mwenyewe Kihesa. Baba atajua la kufanya. Atakuja, ninavyomjua, na kofia yake, na Biblia kwapani, na itabidi wamsikilize.

Nimemwambia Mzee Ezekia kwamba najua. Yeye ndiye aliyeipiga chapa karatasi ile. Akasema ana watoto wanane. 

Alhamisi, 11 Julai

Jibu la baba. Nusu ukurasa.

Anasema ameomba sana juu ya jambo hili. Anasema misheni ndiyo iliyomsomesha yeye, ikanisomesha mimi, na sisi ni nani wa kuhukumu. Anasema mtoto atapata elimu na uzima, na kwamba hata Musa alilelewa nyumba ya watu wengine. Nisilete aibu juu ya jina la Kalinga. Nitii. Mama ananisalimu.

Musa! Mama yake Musa alijua kikapu kinakwenda wapi, baba. Alikisuka mwenyewe.

Nimeisoma mara nyingi kutafuta mahali palipo na mimi ndani yake. Hakuna. Ni barua ya kuwaridhisha wao, kana kwamba alijua wataisoma.

Sikuimba leo kwenye ibada ya jioni.

Jumamosi, 13 Julai

Safari ni Jumatatu. Basi mpaka Iringa, kisha mbele mpaka Dar es Salaam, kisha meli. Sista ameniomba nimsindikize mpaka bandarini. Mtoto amezoea mgongo wangu, hatalia. Aliomba kwa upole sana. Ameshanilipia nauli.

Mama Anyitike alikuwa anakamua mashuka. Nikamwambia. Nilidhani atasema "nilikuambia". Akakamua shuka mpaka tone la mwisho.

"Kwa hiyo bibi wamemshika kwa mdomo wako," akasema, "na mtoto wanamshika kwa mgongo wako. Wewe mwenyewe umebaki na nini, mdogo wangu?"

Ameniita mdogo wake. Ni hapo nikalia.

Nimekubali kwenda. Nimekunja nguo za Hawa, pamoja na bulangeti jekundu ambalo nililikuta chini kabisa ya kabati, na karatasi yake bado, halijawahi kufunguliwa.

Jumanne, 16 Julai. Igawa.

Sina wino. Hii ni penseli ya mzee Makame, mwenye duka. Naandika barazani kwake.

Jana tulipanda basi Mbeya asubuhi. Sista dirishani, mimi katikati, Hawa magotini. Mpaka Chimala alihesabu ng'ombe. Kisha akatapika, nikamfuta, akalala. Sista alimfunika mguu uliokuwa wazi. Alimfunika vizuri, kama mama. Hilo ndilo baya kuliko yote – nisingeweza kumchukia hata pale.

Igawa basi likasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Abiria wakashuka kujinyoosha. Nami nikashuka, Hawa mgongoni. Njia ya Madibira inaanzia pale pale, ng'ambo ya duka, vumbi jekundu linakwenda moja kwa moja bondeni. Nililiangalia vumbi lile. Dereva akapiga honi. Watu wakapanda.

Sikupanda.

Sista akashuka. "Tekla, twende."

"Hatupandi."

Akamshika Hawa mkono. Mtoto akaamka akanikaba shingo kwa nguvu zote. Mama mmoja dirishani akauliza kuna nini, huyo mtoto wa nani? Na dereva, Bwana Isihaka, akashuka akauliza hilo hilo. Wote wakaniangalia.

Nikasema. Kwa Kiswahili, kwa sauti, basi zima lisikie. Nilisema huyu ni Mwanahawa binti Selemani, baba yake yu hai, bibi yake yuko siku moja na nusu kutoka hapa. Nilisema karatasi inasemaje. Nilisema nani alimdanganya bibi – sikusema Sista. Nilisema mimi. Tekla binti Filemoni Kalinga wa Kihesa. Nilisema na ya ofisini, kwamba niliulizwa nikajibu ndiyo.

 Mtu mmoja akasema astaghafirullah. Mwingine akasema misheni wana sababu zao, msichana huyu amerukwa na akili. Wakaanza kubishana wao kwa wao.

Bwana Isihaka akasema yeye ni dereva, si hakimu, na basi haliwezi kulala Igawa. Akamwuliza Sista: unakwenda au unabaki?

Nilidhani ataondoka. Nilidhani ataleta askari. Sista Magiti alipanda, akateremsha sanduku lake mwenyewe bila kuomba msaada, akalikalia. Basi likaenda. Vumbi lilitufunika sote watatu rangi moja.

Mzee Makame alitupa mahali pa kulala upande wa wanawake wa nyumba yake, mimi na mtoto huku, Sista kule. Lori lake la mchele liliondoka leo asubuhi kwenda Madibira. Nimempa utingo maneno ya kumpelekea bibi, nikamfanya ayarudie: njoo Igawa haraka, mtoto yuko hapa, Tekla alikudanganya, na amebatizwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kutamka kuliko mengine.

Sista naye ameandika. Kuna gari lililokuwa linapanda Mbeya, akampa dereva wake bahasha ya Mchungaji. Hakunificha. Amemwomba aje na nakala ya karatasi. Na mtu wa serikali, kama ataona vema.

Basi tunangoja. Atakayetangulia, sijui. Karatasi ile ni halali, saini ni yangu, muhuri niliuona ukigongwa. Mchungaji akifika kwanza, nina mgongo tu wa kumbebea mtoto na miguu miwili.

Mke wa mzee Makame ametuletea chai na mihogo. Hawa amekula yote, na ya Sista pia. Anakohoa, lakini si sana. Amejifunga bulangeti jekundu kiunoni, anaburuza ncha kwenye vumbi, anawafokea mbuzi wa watu.

Sista amekaa mwisho wa benchi hili hili.  Sasa hivi, bila kunigeukia, ameniuliza: Kisangu, "nisamehe" wanasemaje?

Nimemwuliza anataka kumwomba bibi msamaha kabla ya kumrudishia mtoto, au kabla ya kumchukua.

Anaangalia mikono yake.  Nami hilo neno la Kisangu ninalijua, na sijamwambia.